Kilichokwama Kivukoni

Trei sita za mikate zilitoka Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, zikarudi saa tatu, na hapakuwa na mkate hata mmoja ulioguswa. Mwokaji alizishusha moja moja kutoka kwenye toroli, akazipanga juu ya meza ileile aliyozipangia alfajiri, akazifunika kwa kitambaa kilekile. Mlinzi wa kituo cha watoto alikuwa amemzuia getini. Hakumfukuza. Alimwambia tu, huku akiangalia viatu vyake mwenyewe, "Mzee, Mkuu kasema leo usiingize. Utapigiwa simu."

Simu ikapigwa saa nne. Mkuu wa kituo alikuwa mama mpole, na upole wake ndio uliomchoma Mwokaji zaidi. Watoto kumi na mmoja walikuwa wanaharisha, na kwenye mitandao wazazi walikuwa wanasema ni mikate.

"Mimi sisemi ni mikate," alisema Mkuu. "Nasema tusimame kidogo. Jumatatu ijayo wazazi wanakutana, wataamua kama tuendelee na wewe au tutafute mwingine."

"Mkuu, mikate hiyohiyo nakula mimi na familia yangu."

"Naelewa, baba. Naelewa kabisa."

Mtu akishakuelewa kabisa, huna tena la kumwambia. Mwokaji alibaki ameshika simu iliyokatika. Mikate mia na ishirini kila asubuhi, kwa miaka tisa. Kwenye dirisha lake la kuuzia haikuwa ikitoka zaidi ya thelathini, na thelathini haitoshi kuwasha tanuri, sembuse kulisha watu. Tena mwenye jengo alishaanza kumsifia fundi mmoja wa pikipiki anayekitaka chumba kile. Kituo kikimkataa Jumatatu, Mwokaji hatakuwa tena mwokaji, na kwa umri wake hakuna kingine alichojua.

Wateja wa dirishani walikuwa na swali lao moja: "Wa leo huu?" Na yeye alikuwa na jibu lake moja: "Wa jana nakula mwenyewe." Kila mara alijifanya kukasirika, na kila mara walicheka. Siku hiyo mpaka adhuhuri hakuna aliyemuuliza.

*

Mkewe alikuwa chumba cha nyuma, na habari alikuwa nayo tangu jana yake. Alikuwa nayo kwa sababu ilipita mikononi mwake.

Mtaa mzima unamwita Opareta. Miaka ishirini na miwili alikaa mbele ya ubao wa simu, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, akiunganisha watu wasiomjua. Ubao ulipokufa akajifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini, darasa moja na vijana waliomwita bibi. Sasa anaendesha Kivuko.

Kivuko ni seva, kikompyuta kisichozidi ukubwa wa mkate, kimewekwa juu ya kabati mbali na joto la tanuri. Kazi yake si ngumu kueleza. Kuna watu waliochoshwa na mitandao mikubwa ya kijamii, wakaanzisha midogo yao, kila kikundi na seva yake: wauguzi, wastaafu wa reli, wafuga nyuki, akina mama washonaji. Kila seva ni nyumba inayojitegemea. Lakini nyumba ndogo hupooza. Ukiandika, anakusoma jirani tu. Ndipo wanapojiunga na Kivuko. Posti ikitoka hadharani katika nyumba moja, Kivuko kinaipokea na kuifikisha kwenye nyumba zote thelathini na nane. Chenyewe hakisemi kitu. Kwa miaka sita Opareta hakuwahi kuandika neno lake hata moja kupitia pale. Alivyofundishwa kwenye ubao ndivyo alivyoendelea: opareta anaunganisha, haongei kwenye laini.

Alikuwa na sheria zake pia, zimeandikwa mahali pa wote kuziona. Aliyojivunia zaidi ilikuwa ya nne: seva haifungiwi kabla ya siku moja kupita na wasimamizi watatu kukubaliana. Wenzake walimtania kwamba anaendesha mahakama. Yeye aliwajibu kwamba hasira ni hasara, na siku moja inatosha mtu kupoa.

Sasa, Jumatatu saa tisa mchana ilipita posti kutoka seva ya washonaji. Mama mmoja mwenye mtoto kituoni aliandika: "Wazazi, ni mikate! Mwanangu hajala kitu kingine. Yule mwokaji wa karibu na karakana atatuulia watoto." Na chini yake msimamizi wa seva ile, mwenye uwezo wa kuifuta kwa kidole kimoja, akaandika maneno matatu: "Tusubiri uchunguzi, jamani."

Msimamizi huyo ni dada mkubwa wa Mwokaji. Kila mtu, hata asiye wa ukoo, humwita Shangazi.

Tuseme ukweli, maneno yale matatu hayakuwa na ubaya wowote. Lakini wifi ni wifi. Miaka thelathini ya kusemwa juu ya mapazia, juu ya chumvi kwenye chakula, juu ya kuzaa mtoto mmoja tu, yote ilisimama nyuma ya maneno yale. "Tusubiri uchunguzi!" Opareta alisema peke yake chumbani. "Wa ndugu yake wa tumbo moja!" Hakusubiri siku ipite. Hakumuuliza msimamizi hata mmoja. Aliingiza jina la seva ya washonaji kwenye orodha ya waliofungiwa, akabonyeza, kisha akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa seva yoyote: aliiambia mashine isimwonyeshe kabisa kinachotoka kule na kukataliwa. Hakutaka kuona hata kivuli chake. Yote yalichukua dakika mbili, akarudi kumenya vitunguu.

"Nilijua tangu jana," alimwambia mumewe sasa, trei zikiwa mezani. "Nikadhani nimeimaliza. Nimemfungia dada yako."

Mwokaji alikaa juu ya gunia la unga. "Dada aliiona ile posti?"

"Aliiona. Akaandika tusubiri uchunguzi."

"Dada yangu mimi?"

"Dada yako wewe."

Mwokaji alivua aproni, akaikunja vizuri kama mtu anayefunga safari. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

*

Jumatano asubuhi fundi bomba alipanda juu ya tangi la maji la kituo, akafunua mfuniko, akakuta njiwa wawili waliooza. Mkuu akawatangazia wazazi. Mwokaji aliposikia alicheka mara ya kwanza tangu trei zirudi, akawasha tanuri, akakanda unga wa mikate mia na ishirini kichwani mwake, maana wa kweli hakuthubutu bado.

Alimpigia Mkuu. Mkuu akavuta pumzi.

"Baba, mimi naamini ni njiwa. Ila posti bado ipo. Wazazi wananiletea kwenye simu zao. Wanasema, kama ni njiwa, mbona yule mama hajafuta? Wanasema natumia njiwa kukulinda. Unajua watu. Lisemwalo lipo."

Ikawa hivyo hata dirishani. Alhamisi alikuja muuguzi mmoja, mteja wa miaka, akanunua biskuti za pakiti, zile zinazotoka kiwandani. Binti yao, ambaye ndiye aliyekaa dirishani siku hizo, akamuuliza kwa utani kama siku hizi mkate unampa kiungulia. Muuguzi akaona haya, akatoa simu, akamwonyesha. Posti ilikuwa palepale kwenye seva ya wauguzi, kama iliandikwa asubuhi ile.

"Baba, bado ipo," binti aliita ndani.

Mwokaji alitoka na mikono ya unga, akaisoma, akamrudishia muuguzi simu ikiwa na alama za vidole vyeupe. Na kama ilivyopangwa na shetani, Shangazi naye akawa anashuka mtaani, amevaa kanga mbili, anatembea haraka.

"Mdogo wangu, nifungulie, nina maneno."

"Futa kwanza ndipo uje na maneno."

"Nifute nini mara mbili? Imefutwa tangu jana! Yule mama ameomba radhi, kaandika mpaka akalia."

"Hebu mwonyeshe, mwonyeshe," Mwokaji alimwambia muuguzi, ambaye alitamani ardhi immeze.

Shangazi alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. "Kwangu haipo."

"Kwako haipo, kwa watu ipo! Umesafisha uani kwako, takataka umeziacha barabarani."

"Niape?"

"Usiape. Nenda tu. Na hapa kwangu usirudi."

Watu watatu waliokuwa wakipita walisimama. Shangazi aliwaangalia mmoja mmoja, akajitanda kanga yake vizuri, akaondoka. Chumba cha nyuma, Opareta aliyasikia yote. Nimesema tuseme ukweli: aliridhika.

*

Ijumaa asubuhi ni siku ya kukikagua Kivuko. Opareta huangalia nafasi iliyobaki kwenye diski, huangalia foleni ya posti zinazosubiri kupelekwa, huangalia vyeti vya usalama vinaisha lini, kisha hunywa chai. Ijumaa ile aliona faili moja limenenepa. Lilikuwa faili la vilivyokataliwa, ambavyo mashine huvitunza siku saba ikitokea ubishi. Alilifungua ili alipunguze.

Cha kwanza kilikuwa cha Jumatatu saa kumi, saa moja baada ya yeye kufunga. Alikiandika Shangazi: "Jamani, uchunguzi uanzie kwenye maji. Mikate ya mdogo wangu nimekula miaka thelathini, sijaumwa hata ukucha." Pembeni mashine imeandika: imekataliwa.

Akashuka chini. Jumatano saa nne na robo, kutoka kwa yule mama, agizo la kufuta posti. Limekataliwa. Saa nne na nusu, radhi ya yule mama, aya tatu, na kweli alilia. Imekataliwa. Jumatano, Shangazi tena. Alhamisi, Shangazi tena, usiku wa siku aliyofukuzwa: "Ndugu yangu hanisikii, labda nyinyi mtanisikia." Imekataliwa.

Opareta aliweka kikombe chini. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Uwongo ulivuka kabla hajafunga. Ukweli ulikuja baada ya kufunga. Mtu akifuta posti yake, hiyo amri ya kufuta nayo lazima isafiri, ipite njia ileile, ibishe hodi kila nyumba. Yeye aliufunga mlango ili dada mtu asiingie, akawafungia nje njiwa, radhi na kila kitu.

Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Halafu likamjia wazo, na si la kupendeza. Faili lile hakuna mwingine aliyeliona. Angeweza kulifuta, akaifungua seva kimya kimya, na Shangazi angebaki ndiye mkosaji kama ambavyo amekuwa miaka yote. Wazo hilo alilikalia kama robo saa hivi. Lakini kufungua peke yake kusingesaidia kitu. Seva ya washonaji ilishaambiwa hapana, ikaacha kujaribu. Agizo la kufuta lisingerudi lenyewe. Ili posti iondoke ilibidi mtu aombe, na anayeomba ataulizwa kwa nini.

Alimkuta mumewe anafagia chumba kisichokuwa na uchafu.

"Baba," alisema, "kikulacho ulikitaja sawasawa. Ila si dada yako. Ni mimi."

Akamweleza. Mwokaji alisikiliza akiwa ameegemea ufagio. Alimfanya arudie ile ya Jumatatu saa kumi, ile ya ukucha.

"Nimemfukuza dada yangu mbele za watu," alisema mwishowe.

"Najua."

"Amenilea yule. Mbele za watu, mke wangu!"

"Najua. Nipige basi, unitukane, fanya lolote."

"Nikutukane ili iweje?" Aliendelea kufagia. "Nenda kwake. Mimi siwezi kumtazama."

*

Shangazi alikuwa kwenye cherehani. Alisema karibu, ila kiti hakumpa, na viti vilikuwepo viwili. Opareta akasimama katikati ya vipande vya vitambaa.

"Wifi, nimekuja na aibu yangu."

"Iweke hapo tuione."

Akaiweka yote, mpaka robo saa ya lile wazo. Cherehani ilisimama.

"Kwa hiyo siku nne nimeongea na ukuta," alisema Shangazi.

"Umeongea na ukuta. Na ukuta ni mimi."

"Na sheria yako ya nne? Siku najiunga ulinisomea mwenyewe. Siku ipite, wasimamizi watatu wakubaliane. Nikasema, wifi yangu ana roho ngumu ila ana haki."

"Nimeivunja."

"Alaa." Shangazi alikata uzi kwa meno. "Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mimi nilikuwa najua sijakosa. Kawaambie hao wasiojua. Nyumba zote thelathini na nane. Kwa mdomo wako."

"Kivuko hakijawahi kusema kitu, wifi."

"Basi kijifunze."

Aliondoka bila hata kupewa maji. Shangazi aliirudisha cherehani kazini kabla mlango haujafungwa.

*

Jumamosi Opareta aliifungua seva ya washonaji, kisha akakaa mbele ya mashine kuanzia asubuhi. Barua ya kuomba kazi ya ubao wa simu hakuiandika kwa muda mrefu hivyo. Mwisho ilikuwa mistari michache: "Mimi ndiye ninayeendesha Kivuko. Jumatatu niliifungia seva ya washonaji kwa hasira, bila kufuata sheria yangu mwenyewe, kwa sababu walioguswa ni wa nyumbani kwangu. Nikazuia radhi isiwafikie. Watoto waliumwa kwa maji ya tangi, si kwa mikate. Msimamizi wa washonaji hakukosa. Alisema kweli tangu siku ya kwanza, mimi nikamziba mdomo. Naomba kila mmoja aifute ile posti kwake kwa mkono. Kosa ni langu."

Kisha akawaandikia wasimamizi mmoja mmoja. Wengi walifuta kimya kimya. Mmoja alimwandikia kwamba mtu wa hivyo hafai kushika mtambo, seva mbili zikajitoa Kivukoni siku hiyohiyo. Wafuga nyuki wakajibu kwa adabu kubwa kwamba kwao hakuna aliyekuwa ameiona habari ya mikate, ila sasa wameisoma wote, na je, duka liko wapi hasa?

"Mama," binti yake alisema, akishindwa kuzuia kicheko, "umetutangaza mpaka kwa nyuki."

Opareta naye akacheka, halafu akalia, halafu akamwandikia anayefuata. Mpaka Jumapili jioni walibaki wastaafu wa reli peke yao. Msimamizi wao hakufuta wala hakujibu.

"Si umfungie tu huyo," alisema Mwokaji.

"Nikimfunga, jibu lake litapitia wapi?"

Mwokaji akamtazama kidogo, akaenda kukanda. Alikanda mikate mia na ishirini ya kweli. Mara mbili alikuwa amemtuma mwana wa Shangazi ampelekee mama yake salamu, na mara mbili kijana alirudi bila jibu.

*

Kikao cha wazazi Jumatatu kilichukua nusu saa. Mkuu alitoka na uamuzi wake wa upole: mikate irudi, lakini kila mzazi achague mwenyewe kama mtoto wake ale. Meza ikawekwa ndani ya geti, trei sita juu yake. Mwokaji alisimama upande mmoja, Opareta upande wa pili ameshika toroli. Wazazi walipita na watoto wao. Walisalimia vizuri sana. Wengine walisema pole. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtoto mmoja alinyoosha, mama yake akamvuta, akasema, "Kesho, mama, kesho."

Shangazi aliingia na mjukuu wake mkononi. Hakumsalimia mtu. Aliangalia trei zote sita, akachagua mkate wa katikati, akaumega. Kipande cha kwanza akampa mjukuu. Cha pili akatia mdomoni mwake. Cha tatu akamsogezea Opareta bila kumtazama.

"Shika, wifi. Kula. Watu wanatuangalia."

Opareta akala. Shangazi alitafuna polepole, uso kawaelekezea wazazi, mpaka akameza.

"Chumvi imepungua," alisema kwa sauti. "Kama kawaida ya nyumba hii."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka. Mjukuu akaomba tena. Yule mama aliyesema kesho alirudi hatua mbili, bado ameshika mkono wa mwanawe, akainama juu ya trei na kuubonyeza mkate kwa kidole.

"Wa leo huu?" aliuliza.

Mwokaji alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, miaka yote analisema, ila siku hiyo machozi yalilitangulia.

"Wa jana anakula mwenyewe," alisema Shangazi, akamsogezea yule mama trei.